Lebo

Dirishani bango: *Jenga nchi, vaa chetu.*
Bendera ndogo imebanwa kwa pini
kifuani mwa sanamu isiyo na kichwa.

Nikageuza ukosi wa shati.
Lebo imekatwa; nyuzi mbili zimebaki
kama mizizi ya jino.

Nyuma ya pazia, Apondi,
aliyeunganisha nyuzi kiwandani
pamba yetu ilipokuwa na bei.
Sasa ana mkasi, ndoo,
na shilingi mbili kwa kila lebo.
"Usinifungulie kesi," akanong'ona. "Humu changu ni hiki."

Nikalipa. Risiti ikanishukuru kwa uzalendo.

Hadi Kondele nilikuwa nikipiga hesabu:
elfu moja mia mbili nimetoa;
ninazojua zimelala Kisumu ni mbili,
nazo zimelala macho.