Kiti

Mwaka ule nilikuwa ulimi wa mtu mwingine
kwa ujira wa siku, na chai.
Yeye aliuliza, nikageuza;
Bi Mkasi akajibu, nikageuza tena,
na kinasa sauti, pale kati ya mkeka,
kikameza vyote bila kutafuna.

Kisimamajongoo, nyumba ya tatu baada ya mashine ya kusaga.
Mtafiti alianza na swali alilosafiri nalo:
huyu mama anaamini
kwamba mfalme wa Bukini humpanda kichwani?
Nikasema: Bibi, anauliza kama unamwamini.

Bi Mkasi alicheka mpaka ushungi ukamvuka.
"Kumwamini? Simwamini hata kidogo!
Mwaka juzi kaniahidi nitafunga Ramadhani kwa raha zangu,
na kumi la mwisho kanilaza na homa.
Yule si wa kuaminiwa, mwanangu.
Yule wa kulishwa."

Nikatafuta pa kulishika hilo, nisipate.
Nikasema: Anasema ndiyo.

Mtafiti akasogea.
Lakini yeye ni Muislamu,
na mfalme Mkristo, tena mnywa brandi?
Bi Mkasi akanitazama mimi, si yeye,
kama mtu anayemtazama mtoto aliyetumwa dukani
akarudi na kitu sicho.
"Mgeni akinipigia hodi na njaa yake
nimuulize kwanza kasali wapi?"

Hapo ikaingia alasiri.
Akatuacha na maneno yetu mkekani,
akatia udhu kwa kopo la maziwa ya unga,
akasali nyuma ya pazia.
Mtafiti aliandika: *anasali*.
Akapigia mstari. Kisha mstari wa pili.

Usiku wa Alhamisi walifukiza.
Sahani nyeupe, asali, chokaa, sarafu za fedha
za mfalme asiyejulikana tena na benki yoyote.
Akodiani ikavuta pumzi, kayamba zikajibu,
na bibi wa miaka sabini, mwenye goti bovu,
akainuka bila kushika ukuta.
Sauti ilikuwa ya mwanamume, kavu,
Kiswahili chake kimepinda kwa safari.
Alikunywa gilasi kwa funda moja.
Akampita mtafiti kama anayepita kabati,
akaja mpaka puani pangu:
"Na wewe? Wewe kiti cha nani?"

Amesema nini? akaninong'oneza mtafiti.
Amesema nini?

Nikasema: Anakusalimu.

Alfajiri nilikwenda kumnusa Bi Mkasi, kusudi kabisa.
Mswaki, karafuu, basi.
Goti lilikuwa limerudi.
Alikuwa anapepeta mchele, ananiuliza
kama mgeni alishiba.

Kitabu kilifika baada ya miaka minne, kizito,
jina langu kwenye shukrani, limekosewa herufi mbili.
Nilitafuta kicheko, nikafunua ukurasa kwa ukurasa.
Nikaikuta "ndiyo" yangu,
imevaa suti, imesimama peke yake,
na chini yake maelezo madogo madogo
yanayoibeba kama wachukuzi wa jeneza.

Bi Mkasi keshatangulia.
Tulimsomea khitma, tukala pilau,
na hakuna aliyetaja mfalme,
ingawa sahani moja ya asali
ilibaki jikoni mpaka wageni walipoondoka,
na binti yake Zuwena hakuiosha.

Mimi, tangu mwezi wa Shaabani,
mkono wa kushoto hunilemea kila Alhamisi.
Mnazi Mmoja wamenipiga picha, wamenitoa damu,
daktari kasema sina kitu, nipumzike.
Zuwena alinisikiliza mpaka mwisho,
akaniuliza swali moja tu:
"Anataka nini?"

Simwamini hata kidogo.
Nimemtuma jirani, yule Mgoa wa ghorofani;
kaniletea chupa imefungwa gazeti.
Nimeiweka nyuma ya pipa la mchele,
chini ya msumari ninapotundika msala.