U ya Mukate

Jana usiku Ansima alinishika kidevu
kama mimi ndiye mtoto.
"Mama, funga midomo kwanza. M. Sasa sema: mkate."
Nikasema: mukate.
"Ondoa hiyo u."
Miaka kumi na sita nimeukanda,
zamu ya usiku, Barabara ya Lunga Lunga,
na bado sijui kuutaja
wapendavyo watu wa ghorofa za juu, Nyayo House.

Barua yao ina muhuri wa zambarau:
Bi. Nabintu Cirhuza, Alhamisi, saa mbili unusu,
uje na vyeti halisi, picha mbili, na wewe mwenyewe.
Hilo la mwisho hawakuliandika.
Nimeliongeza mimi.

Basi nasoma.
Kaunti nazipanga kwenye trei, kila moja na mkebe wake:
Mombasa, Kwale, Kilifi,
Tana River imefura ikamwagika pembeni,
Lamu ndogo, imebabuka upande mmoja.
Nikikaribia Mandera jasho linaniingia machoni
na Mwongela wa tanuri anapiga kelele:
"Mama Ansima, hapo umeacha nini? Naona moshi!"
"Ni Wajir," namjibu, "Wajir inaungua."
Nairobi ni ya arobaini na saba.
Nairobi hutoka motoni mwisho.

Mwongela alizaliwa Kitui, na babu yake Kitui.
Nilimwomba anikumbushe ubeti wa pili wa wimbo wa taifa.
Akaanza kwa sauti ya kwaya,
akafika katikati, akakohoa,
akaenda kuangalia hamira.
Nikaumaliza mimi, na wa tatu juu yake.
"Wee! Umetushinda," akasema, akacheka.
Nilikwenda nalo hilo neno hadi Kayole,
ndani ya mfuko wa aproni, pamoja na vipande vilivyovunjika.
Umetushinda.
Hiyo tu ya katikati, mimi simo.

Ngao ya taifa naijua.
Simba wawili, mikuki, jogoo mwenye shoka.
Nimemchunguza jogoo kwenye shilingi, chini ya taa:
shoka analishika kwa mguu wa kulia.
Wakiuliza, ninalo. Najua hawataulizia.

Wala hawataulizia mlinzi wa geti la bohari,
usiku ule wa mawe na matairi,
aliyenivuta ndani kwa mkono wa koti
akaninong'oneza, "Usiseme neno, mama.
Watakujua kwa Kiswahili chako."
Alikuwa anaitwa Ekai.
Nilikaa kimya juu ya magunia ya ngano hadi alfajiri,
Ansima tumboni, naye kimya.

Alhamisi, afisa alikuwa msichana mwenye mafua.
Alifunua faili, akapenga kamasi, akafunua tena.
Kaunti zangu arobaini na saba zilikuwa tayari, moto.
"Unafanya kazi gani?"
Nikafunga midomo. M.
"Ninaoka mukate."

Ilitoka yenyewe, ile u,
ikakaa mezani kati yetu
kama jamaa aliyefika bila kualikwa.
Kalamu yake ikasimama.
"Wa kiwanda gani?"
Nikamtajia.
"Ule wa karatasi ya bluu? Huo ndio tunaokula kwetu."
Akaandika kitu kirefu. Sikuweza kukisoma, kilikuwa juu chini.
"Subiri barua nyingine."

Barua nyingine haijaja.
Usiku huu Ansima ana kazi ya shule, ushairi,
anagonga mizani kwa vidole ukingoni mwa meza.
"M-ka-te. Tatu," anahesabu.
Nami nafunga aproni, nachelewa zamu, namwambia:
hebu hesabu na wangu.
"Mu-ka-te."
Anagonga. Anarudia, polepole, akidhani amekosea.
"Tatu," anasema.
"Mwalimu hakutuambia hilo."