Randa ya Mehanga

Mpini umebonyea pale gumba linapokaa,
na gumba hilo si langu.
Si la baba, wala si la Nthenge, baba wa babu,
aliyepewa randa hii badala ya mshahara
wa miezi minne.
Ni la Mehanga Singh, seremala wa Reli,
aliyelichovya katika wino huko Karachi
akatia alama chini ya karatasi asiyoweza kuisoma:
miaka mitatu, rupia kadhaa, chakula, hema,
na nauli ya kurudi kama atakuwa hai.

Akashukia hapa kabla hapa hapajawa mji.
Kinamasi, matete, chuma cha reli kingali kinanuka meli,
na vyura wenye sauti,
hata ikabidi nyundo isubiri zamu yake.

Kilimani akajenga nyumba za mabwana
juu ya nguzo, zenye baraza na ngazi za mtarakwa.
Bondeni akajenga vyumba kumi mstari mmoja,
ubao mmoja kati ya kikohozi na kikohozi.
Jioni akarudi kulala chini ya turubai.
Nthenge, miaka kumi na mitatu, alimbebea maji na mbao,
na kwa muda mrefu hawakuwa na lugha
ila *hapana* na *tena*.

Kisha panya wakaanza kufa sokoni mchana kweupe,
na baada ya panya, watu.
Amri ikaja pamoja na madebe ya mafuta ya taa: choma.
Mehanga akasimama ng'ambo ya mtaro
akitazama milango yake ikiondoka mmoja mmoja.
Hakulia, wasema wa kwetu. Alihesabu bawaba.

Majivu yalipopoa akamtuma mtoto kuokota misumari.
Hiyo ndiyo kazi ya kwanza aliyomfundisha,
kabla ya kupima, kabla ya kukata:
kuunyoosha msumari juu ya kipande cha reli,
kuuviringisha kiganjani usikie kama bado una kibiongo.
Msumari uliopita motoni huwa mlegevu,
huinama kwa pigo la pili.
"Hii ya majivu," Mehanga akasema,
"weka nyumba ya Reli. Tachoma tena.
Mpya weka sanduku ya mtu."

Alirudi kwao? Babu alisema ndiyo.
Shangazi Kavindu alisema la, alipanda hadi Kisumu
akaoa, akafungua kinu cha mbao.
Mimi sijui. Nalijua gumba.

Ubavuni mwa randa pana maandishi
yaliyochongwa kwa ncha ya patasi.
Miaka yote tuliyaheshimu kama dua.
Mwaka juzi nikaipeleka kwa Mzee Hardev,
mwenye duka la vifaa barabara ya Kirinyaga.
Akavaa miwani, akaivua,
akacheka mpaka akakohoa.
"Imeandikwa: *Hiki hakiazimwi.*"

Juma lililopita Gikomba imeungua. Tena.
Saa tisa usiku, upande wa wauza mbao,
na kufikia alfajiri vitanda vyangu sita
na kabati la bibi harusi wa Ruai
vilikuwa moshi juu ya mto.
Randa huwa nalala nayo nyumbani.

Asubuhi nimeinama majivuni na sufuria.
Naokota, nanyoosha, naviringisha.
Mlegevu. Mlegevu. Huu nao mlegevu.
Wekhanya wa kibanda cha pili ameketi juu ya jiwe,
hana msumeno, hana hata penseli ya sikioni.
Anatazama mfuko wangu.
Hajaomba.

Nikaigeuza randa, maandishi yatazame chini,
nikamsukumia.
Gumba lake ni nene, halikuingia vizuri.
"Saa kumi naileta," akasema.

Kumi kasorobo, nikamwambia.