Na Wengineo

Mahakama ya Mwanzo, Nyangao, Jumanne.
Kesi yangu ni ya nne na hakimu hajafika;
pikipiki yake, wanasema, imepata pancha Mtama.
Benchi limejaa. Nimekuja kukaa huku,
kwenye ngazi ya mnara, penye kivuli chembamba
ambacho kila robo saa hunihama
nami hukifuata kwa makalio, bila aibu.

Mnara wenyewe si mrefu: kifua cha mtu mzima.
Waliupaka chokaa Mwenge ulipopita,
chokaa ikajaa ndani ya herufi,
na mbuzi wa mama ntilie anajikuna pembe
kwenye kona ya mwaka wa kumi na saba.

Nimesoma kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza.
Maofisa saba: jina, cheo, mji wa kwao.
Askari kumi na wawili, jina mojamoja.
Halafu chini kabisa, karibu na majani,
mvua inaporushia udongo:
WAPAGAZI 340 NA WENGINEO.

Aliyechonga alichoka mkono,
au jiwe ndilo lililomwishia?
Maana babu wa baba yangu yumo humo,
amebanwa kati ya *na* na nukta.

Bibi alisimulia akimenya ming'oko, kisu hakisimami:
walimkuta Mchopa juu ya paa, anaezeka,
kamba ya kuungia i mdomoni.
Wakamteremsha, wakamtwika sanduku la risasi,
ratili sitini, akaambaa nalo bonde la Lukuledi.
Bombomu zililia siku nne.
Hakufa kwa bombomu. Alikufa kwa tumbo, kando ya njia,
na sanduku likapata kichwa kingine
kabla halijapoa joto la kichwa chake.
Nyumba ilibaki nusu wazi. Masika yakaingia.
Mahali pale pale ndipo ninapopadai leo,
na Nnunduma anasema hapakuwahi kuwa na mtu.

Karani Lipei ametoka barazani.
Huyu huita mara tatu, ndivyo sheria inavyotaka:
mara ya kwanza kwa waliopo benchi,
mara ya pili kwa wanaokunywa uji ng'ambo ya barabara,
mara ya tatu kwa asiyekuwepo.
"Jamhuri dhidi ya Selemani Nambinga na wenzake!"
Wenzake wakainuka, watatu, vumbi la ghalani magotini.
Hata wezi wa korosho
majina yao yamo kwenye faili.

"Somoe Mchopa!"
Nimeitika ya kwanza. Sikutaka afike ya tatu.

Shamba ulipata wapi? Kwa baba.
Baba? Kwa babu.
Babu? Kwa Mchopa bin Nangweo, hakurudi.
"Kuna maandishi?"
Nimeonyesha dirishani. Wote wamegeuka,
hata Nnunduma amegeuka.
Wameona mbuzi.

Imeahirishwa hadi tarehe kumi na tisa.
Lakini karani alikuwa anaandika, nikanyoosha shingo:
*Mchapa*, kwa wino wa bluu.
Ni o, nimemwambia. Mchopa. Weka o.
Akanitazama. Akakata, akaandika upya juu yake,
akapulizia muhuri pumzi,
akagonga.