Akaunti Hai

Reino, umeandikiwa tena.
Benki ya kule Delaware, ambako hatujawahi kukanyaga,
inakupongeza kwa uaminifu wako:
ukitaka kadi ya dhahabu, tia saini hapa.
Wiki ya tano hii tangu tukuzike
katika udongo wa Duluth ulioganda
hata ukapashwa moto usiku kucha ndipo ukachimbika.

Nikaagiza ripoti yako ya mikopo.
Mjane huruhusiwa, mradi aambatishe
cheti cha kifo, cheti cha ndoa, na subira.
Zimekuja kurasa kumi na moja. Nimezisoma jikoni
kwa miwani yako; yangu sijui niliiweka wapi.

Wanakutaja kwa majina manne:
Reino, Raino, Rene, na R. Kettunen Mdogo,
huyo Mdogo simjui.
Kisha makazi yetu, moja baada ya jingine.
Chumba kile juu ya duka la mikate
wamekiandika kwa namba tu,
kana kwamba hatukuamshwa na harufu saa kumi alfajiri
tukihesabu sarafu kitandani.

Rehani: imelipwa, imefungwa.
Gari: limelipwa.
Kadi ya duka la zana: dola arobaini na mbili,
misumari na gundi ya kazi uliyoiacha katikati.
Na pembeni, kwa herufi ndogo:
akaunti hai. Hulipa kwa wakati.

Kukopa harusi, kulipa matanga, husemwa.
Matanga ninayo tayari.

Jumanne alipiga mtu mwenye sauti ya asali.
"Bi. Aili, hutaki jina la marehemu lichafuke."
Nilishaanza kumsomea namba za benki
Marjatta aliponipokonya simu, akaiziba kwa kiganja:
"Mama, jina lako liko juu ya kadi,
saini yako haimo kwenye mkataba.
Alichoacha Baba ndicho kitakacholipa.
Kikiisha, kimeisha. Mwambie aandike barua."
Nikamwambia aandike barua.
Asali ikageuka shubiri.

Lakini barua yangu mwenyewe
imelala kwenye droo ya vijiko siku tisa.
Nikiituma, watagonga MAREHEMU mbele ya jina lako.
Kanisani umeshafutwa, kwenye bima umeshafutwa,
hata daktari wa meno amekufuta.
Hapa tu ndipo bado unapumua,
alama mia nane na kumi na mbili,
mtu mwema kuliko wengi walio hai.

Mpaka nilipofika ukurasa wa tisa:
tarehe kumi na nne, siku kumi baada ya mazishi,
Reino Kettunen, wa Tulsa,
anaomba mkopo wa pikipiki.

Wewe! Uliyeogopa hata baiskeli ya Marjatta!
Nikacheka peke yangu, paka akakimbilia chini ya kochi.
Nikacheka hadi ikawa si kicheko.
Kisha nikavaa buti.

Wanasema ukimwarifu mmoja, yeye huwaambia wenzake wawili.
Mimi nimewaandikia wote watatu.
Habari ya kifo chako siiachii mdomo wa mtu.
Karani wa posta akauliza kama nataka risiti.
Nikasema nataka.

Nimeagiza na yangu: kurasa mbili.
Miaka arobaini na sita ya kununua unga, viatu, mafuta ya tanuri,
yote kwa jina lako,
na kwao mimi ni msichana wa jana.
Nimepewa kadi ya dola mia tatu.
Nimenunulia chumvi ya kuyeyushia barafu mlangoni.
Nitailipa tarehe moja, mapema, kama ulivyokuwa ukinichosha.

Ngazi ya Bergquist niliikuta nyuma ya gereji,
imefunikwa theluji hadi kipago cha tatu.
Uliiazima kiangazi gani?
Haimo katika kurasa zote kumi na moja.
Nimeiburuta hadi kwake.
Alifungua mlango, akaitazama, akanitazama,
akasema alishanunua nyingine,
akaipokea hata hivyo.