Kamba Nyekundu

Nyumba njema si mlango, najua, lakini huu wa Pihlaka
ulitugharimu siku mbili kuufungua:
bawaba zimeshikana kwa kutu, kizingiti kimezama,
na ndani, harufu ya moshi uliozimwa
kabla hatujazaliwa sote watano.

Taavet aliijenga mwaka wa njaa, kwa magogo ya msonobari,
bila msumari hata mmoja. Alichonga kila pembe ikaumana
kama vidole vya mtu anayeomba.
Chumba kilikuwa kimoja, cha watu na cha shayiri:
nafaka juu, imeanikwa kwenye fito,
moto chini,
watoto katikati, wakikohoa, wakikua.
Masizi yakapanda, tabaka juu ya tabaka,
meusi, yanang'aa kama mgongo wa mende.

Kisha Machi. Lori. Saa moja ya kufungasha.
Hilo tumeliandika ubaoni kwa mistari minne;
mkurugenzi anasema wageni wa Estonia hawasomi zaidi.
Baadaye ushirika ukamwaga humu viazi,
halafu mbolea, halafu basi.
Paa likaanguka upande wa kaskazini.
Mti mmoja mweupe ukaota jikoni
ukatoa kichwa nje, kuangalia nani anakuja.

Tulikata matete ziwani, tumesimama juu ya barafu,
miganda elfu tatu, mikono imepasuka.
Tulibandua ukuta: gazeti, chokaa, gazeti,
na chini kabisa vialama vya penseli,
vimo vya watoto. Endla, Juhan. Endla, Juhan.
Halafu Endla peke yake.

Barua ya wafadhili ilitaka dari isuguliwe.
Nilikuwa nimeshapanda ngazi, brashi mkononi,
bibi mmoja alipoingia bila kubisha,
koti la kijivu, viatu vya mpira.
"Unafuta nini huko juu?"
"Masizi."
"Mikate yetu hiyo," akasema. "Yote."
Nikashuka. Wafadhili tuliwajibu kwamba
brashi zilikwisha.

Siku ya ufunguzi kulikuwa na tarumbeta, hotuba tatu,
mvua, na keki iliyolowa.
Tiketi yuro tano, wazee nusu bei.
Endla alikataa ya bure. Alihesabu sarafu moja moja,
akaichomeka tiketi ndani ya glovu yake.
Mbele ya kitanda tulikuwa tumefunga kamba nyekundu
na kibao: Tafadhali usiguse.
Alikisoma taratibu, midomo ikitikisika,
kama asomaye barua iliyotumwa kwa jirani.
Kisha akainua mguu, akapumzika,
akainua wa pili,
akaketi ukingoni mwa kitanda,
akiacha nafasi upande wa ukutani,
nafasi ya mtoto.

Mlinzi akanitazama mimi.
Mimi nikaitazama dari.