Kompyuta ya Manila

Mhadhiri alisema: msiandike hata mstari mmoja wa programu,
choreni kwanza, kisha mkaulize mtu.
Basi Jumamosi nikashuka sokoni Luanda
na skrini saba za karatasi ya manila,
penseli, na raba.

Mimi ndimi kompyuta, nikamwambia Mama Andayi.
Ukigusa hapa, nabadilisha ukurasa.
Akanitazama. "Haya, kompyuta, umeshakula?"

Kidole chake, kilichochanika kwa kuchambua maharagwe,
kilifunika vitufe vyangu viwili kwa mpigo.
Akabonyeza. Ikanibidi nimwonyeshe karatasi nyekundu:
INGIZO BATILI.
"Batili ni nani? Ni mimi, ama ni wewe?"

Nilinyamaza. Kompyuta haijitetei.

Kwenye orodha nilikuwa nimemwekea kilo, nusu kilo, gramu.
Akatafuta gorogoro. Akaigeuza karatasi,
akaitafuta na huko nyuma.
"Na mteja akighairi, narudi vipi?"
Sikuwa nimechora njia ya kurudi.

Usiku, bwenini Maseno, stima imepotea,
nachora kwa mwanga wa simu:
kitufe kipana cha kutosha kidole gumba,
mkebe wa gorogoro, mshale wa kurudi.
Lile neno batili nimelifuta mara tatu,
na bado kovu lake linasomeka.
Juu yake nimeandika:
Samahani mama, sijaelewa. Niambie tena.

Hapo ndipo nikakumbuka
sikumjibu kuhusu chakula.